Kivuli Kisicho na Neno

4 Februari

Fundi,

Boksi hili lina vinywa vitano vya plasta, vipimo vya wagonjwa wangu wa kutengenezewa meno. Kile chenye utepe mwekundu ni cha yule bibi mkali ambaye mara ya mwisho ulimtengenezea meno marefu, akaja kuniambia tumemgeuza farasi. Mpunguzie. Vingine ni vya kawaida, ila ukivichanganya kama mwaka jana nitakuja huko mwenyewe nikung'oe yako.

Naona umekuwa mvivu wa kalamu. Meno yanarudi, barua hairudi. Tulikubaliana kwamba simu ni ya misiba na ya kuombana vocha, mengine yote yasafiri na meno.

Huku habari ni njema. Ile kamera ya mwanga wa buluu imetulia mikononi mwangu. Mwezi wa tano wanakuja wageni kuona tunavyoitumia, na wakiridhika zitapatikana nyingine za kupeleka zahanati za mbali. Daktari Mkuu amenikabidhi mimi kuwafundisha wahudumu. Mimi, niliyekuwa najificha nyuma ya mwenzangu mwalimu akiuliza swali!

Kazi yenyewe haina uchawi. Unazima taa ya chumba, mtu anafungua kinywa, unamulika. Nyama nzima inang'aa kijani. Nyama iliyoanza kuharibika inaumeza mwanga, unaona kivuli cheusi mahali ambapo kwa macho matupu usingeona kitu. Sasa, si kila kivuli ni saratani. Mtu akijing'ata, akiungua, akiwa na meno ya bandia yanayosugua (pole, fundi), napo panatoa kivuli. Kwa hiyo sheria yetu ni moja: mwenye kivuli anaandikiwa kadi, anarudi baada ya wiki mbili. Kikiwa kimeondoka, kwaheri. Kikiwa bado kipo, anakatwa kinofu kidogo kikapimwe maabara.

Na unajua habari ya vivuli vya bure nawafundisha kwa nani? Kwa Mama! Ile picha niliyompiga mwaka jana alipokuja kunitembelea nimeikuza, iko ukutani, chini nimeandika kwa herufi kubwa: KIVULI KISICHO NA NENO. Nawaambia, mnaona kadoa keusi pembeni mwa ulimi? Msikimbilie kisu. Huyu ni mwonja chai, ameunguzwa na kazi. Wanacheka. Na Mama mwenyewe amekitangazia kiwanda kizima kwamba ulimi wake siku hizi ni mwalimu.

Hivi anaendeleaje? Jumapili kwenye simu nilimsikia kama anamumunya maneno. Isije ikawa yale meno uliyomtengenezea yamelegea.

Dada yako


11 Februari

Dada Tochi,

Barua imefika, na matusi yote yaliyomo. Bibi yako nimempunguzia meno, sasa atafanana na sungura. Achague mnyama anayempendeza.

Huku ni vumbi la plasta tu. Mwenye nyumba anataka nihame, eti mashine yangu ya kusugulia inamkosesha usingizi mchana. Nikamwuliza, mtu mzima anayelala mchana, usiku ana kazi gani? Tangu hapo hatusalimiani.

Mama hajambo. Anakwenda kazini, anafyonza chai yake kwa kelele zile zile zilizokuwa zikitutia aibu mbele za wageni, anatema kwenye kopo, anarudi nyumbani kunikosoa. Huko kumumunya unakokusema ni mambo ya waya. Yale meno yake matatu ya pembeni, ule waya wa kuyashikilia unamgusa ulimi kidogo, basi akiongea anaukwepa. Nimeupiga tupa kuulainisha, umetulia. Usimwambie kama nimekuambia. Anasema wewe ukisikia jambo dogo unalifungulia faili.

Na usinianzie kwamba kazi yangu mbaya. Yale ndiyo meno ya kwanza niliyoyatengeneza bila mwalimu kusimama mgongoni, na yamekaa miaka sita katika kinywa ambacho kampuni nzima hukisubiri kiseme ndipo wauze chai.

Mdogo wako,
Fundi


15 Februari

Fundi,

Nina haraka, basi la mchana linaondoka. Swali moja tu. Huo waya uko upande gani, kushoto au kulia? Na unamgusa wapi, karibu na ncha ya ulimi au kule nyuma?

Nauliza tu. Nilitaka kujua kama ulitumia waya wa aina mpya.

Nijibu kwa basi la kwanza.

Dada yako

Kama unakumbuka, niandikie pia alianza kulalamika lini.


20 Februari

Dada,

Kushoto. Nyuma.

Tangu tuzaliwe hujawahi kuniuliza habari za waya. Mtu akiniambia "nauliza tu" mara moja kwenye barua ya mistari sita, najua haulizi tu. Kulikoni?

Na kwa kuwa umeuliza, niseme vizuri. Niliandika nimeupiga tupa, kana kwamba ni mara moja. Ameanza kulalamika tangu mwaka jana, kabla hata hajaja kwako. Kila baada ya wiki kadhaa anakuja karakana, anayatoa meno, ananikabidhi, anafunga kinywa. Nikisema Mama nione, ananiambia nitengeneze waya, nisimtengeneze yeye. Napiga tupa, nasugua, nang'arisha. Anasema ahsante mwanangu, sasa sawa. Halafu anarudi tena. Sasa huo waya umekuwa mwembamba kama uzi wa kushonea na bado anasema unamchoma.

Siku hizi anatafuna upande wa kulia tu. Na juzi kazini alizikataa chai mbili akisema zina moshi, wenzake wote wakaonja, hakuna aliyeusikia moshi. Meneja akacheka, akasema hata mwalimu hukosea. Mama hakucheka. Alikuja akakaa kwenye kiti changu cha wateja, nikamwona amezeeka.

Niambie ukweli, dada. Waya wangu umemfanya nini?

Fundi


23 Februari

Fundi,

Acha kujitia presha. Vidonda vya waya tunaviona hapa kila siku, vinaudhi lakini vinapona. Mwambie asukutue kwa maji ya chumvi. Akipata likizo mwezi wa tano mlete tumwangalie, tena itakuwa vizuri akutane na wageni, watafurahi kumwona mwenye ule ulimi wa ukutani.

Bibi wa farasi amefurahi. Anakusalimu.

Dada yako


24 Februari

Fundi,

Hii nimempa dereva mkononi, nimemwomba akuletee mpaka karakana. Barua ya jana kama hujaifungua, ichane. Kama umeifungua, ichane vilevile.

Nilikudanganya. Niliandika vile nikiwa tayari nimeshajua. Barua yako ilipofika nilisoma maneno mawili ya kwanza, nikainuka, nikaenda chumba cha mafunzo, nikasimama mbele ya picha ya Mama. Kushoto. Nyuma. Pale pale. Kisha nikarudi mezani nikakuandikia habari za maji ya chumvi. Sijui mtu anayefanya hivyo ni mtu wa namna gani, lakini ndiye mimi.

Sheria ya wiki mbili mimi ndiye niliyeibandika mlangoni. Nimewahi kumfokea muuguzi mbele za watu kwa kusahau kumwandikia kadi mlinzi wa geti. Mama sikumwandikia kadi. Siku ile ilikuwa ya mapumziko, nilimwingiza kwenda kumwonyesha kazi yangu, nilitaka aone mtoto wake amekuwa mtu. Nikamulika, nikaona kivuli, nikasema, "Chai hiyo, Mama." Naye akasema, "Chai hiyo." Tukacheka, akapanda basi. Nani angerudi safari ya siku nzima kwa ajili ya chai? Mgeni ningemrudisha. Wanasema mganga hajigangi, lakini mimi sikushindwa kujiganga mwenyewe, nilishindwa kumwambia mama yangu maneno ninayomwambia kila mpita njia.

Mlete wiki hii. Usiuguse tena huo waya. Ila nakuomba jambo moja, nami najua ni zito: usimwambie habari ya picha. Mwambie meno yameharibika, yanatakiwa kupimwa upya huku kwenye vifaa vizuri. Nikishamwona nitamwambia mwenyewe. Nibebee mpaka hapo tu.

Dada yako


1 Machi

Dada,

Nimemwambia.

Nilimwambia asubuhi kabla hajaenda kazini. Nikasema, Mama, yale meno nilikosea tangu mwanzo, waya niliukunja vibaya, itabidi upimwe upya kwa dada. Akasema, "Meno yako hayana kosa, nimeyavaa mimi. Lakini kama dada yako amenikumbuka, nitakwenda." Kisha akaenda kuomba ruhusa. Anapanda basi la Jumatano.

Sasa nisikilize. Mimi nina kazi moja, sina nyingine. Nimesimama mbele ya mama yangu nikaitukana kazi yangu kwa kinywa changu ili yako ibaki safi. Ukiniuliza kwa nini nilikubali, si kwa sababu nina moyo mzuri. Nilikubali kwa sababu usiku silali nikijiuliza kama si uongo. Huenda ni waya kweli uliomchokonoa mpaka pakaoza. Huenda kila nilipopiga tupa niliacha ncha kali zaidi. Wewe una picha ya kukusuta. Mimi nina tupa, iko mezani, kila nikinyoosha mkono nakutana nayo.

Mpokee stendi. Usimpeleke moja kwa moja kwenye lile giza lako. Mpe kwanza maji ya kunawa.

Fundi


10 Machi

Fundi,

Alinawa, akala, akalala. Asubuhi nikampeleka.

Kivuli kimekua. Mwaka jana kilikuwa kama punje ya mchele, sasa ni kama kucha ya kidole gumba. Kuna njia tunayoitumia: kivuli kinachotokana na uvimbe wa kawaida, ukikibana kwa kipande cha kioo, damu inasogea na ukijani unarudi. Nilikibana. Hakikusogea. Nikakibana tena, na tena, mpaka Mama akanishika mkono, maana nilikuwa namwumiza. Kidonda chenyewe kwa macho hakitishi. Pana wekundu tu, kama pamekwaruzwa.

Daktari Mkuu akakata kinofu, majibu yametoka leo. Ni saratani. Kwa walivyoona bado haijashuka shingoni. Wiki ijayo watakata sehemu ya ulimi upande wa kushoto. Daktari anasema tumeiwahi.

Sikia lililofuata. Aliniita mbele ya wahudumu wote, akawaambia, "Mnaona faida ya kamera? Binti amemwokoa mama yake." Wakapiga makofi. Nikasema ahsante.

Picha niliiondoa ukutani kabla Mama hajafika. Nimeikunja, iko kabatini chini ya makoti. Tulipopita chumba cha mafunzo alisimama mlangoni, akatazama ukuta, akaomba maji ya kunywa. Sikumwambia. Nilikuahidi nitamwambia, lakini kila nikifungua kinywa nauliza kama amekula.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Ulisema ahsante.

Nimeirudia hiyo sentensi mpaka nikaondoka karakana nikazunguka mtaa. Mimi nilijisingizia kosa, wewe ukapigiwa makofi.

Lakini si hilo linaloniwasha. Umekuwa ukiifundisha picha ile mwaka mzima. Wahudumu wangapi wamepita chumba kile? Kila mmoja amerudi kwao akijua kwamba kivuli kidogo pembeni mwa ulimi hakina neno, kicheke, mtu aende zake. Mimi ni mtu wa plasta, sijui mengi, ila najua kipimo kikikosewa, kila meno utakayoyatengeneza juu yake yatakosea. Umemwambia Daktari Mkuu? Usinijibu kwamba utamwambia. Nimeuliza kama umemwambia.

Karakana nimeifunga mpaka Mama atoke. Siwezi kushika tupa. Na usijidanganye kwamba hatia yote ni yako. Kinywa kile kilikuwa mbele yangu kila mwezi, ningemwambia tu, Mama, leo sitengenezi mpaka ufungue. Nilifurahi alipokifunga. Ningeona kidonda, ningejua ni kazi yangu.

Nakuja Jumatatu.

Fundi


28 Machi

Fundi,

Tangu ulipoondoka hali yake inaendelea vizuri, wanasema jeraha ni safi. Kuongea bado. Anaandika kwenye kibao cha mtoto cha kufutika, na hata kwa kibao anaamrisha. Muuguzi wa zamu ya asubuhi ameandikiwa "kunja pembe za shuka" mara tatu.

Jana wameruhusu anywe kitu cha uvuguvugu. Nikafikiri, nitampa nini mtu aliyeonja chai maisha yake yote? Nikapika chai kwangu, nikaipoza, nikaiweka kwenye chupa, nikaja nayo mbio. Nikammiminia kikombe, akachukua kwa kijiko. Akaishikilia kinywani, macho ameyafumba, vile vile anavyofanya kazini, unakumbuka tulivyokuwa tunamwiga. Nikasubiri. Machozi yakaanza kumtoka. Akageukia ukutani, akanipungia mkono nitoke.

Nimemnyang'anya, Fundi. Nimemwachia uhai nikamnyang'anya kile alichokuwa anaishi kwa ajili yake. Nimekaa kwenye ngazi za wodi mpaka mfagizi akaniomba nipishe.

Uliuliza kama nimemwambia Daktari. Sijamwambia. Najiambia wageni wanakuja, wakisikia hili kamera hazitapatikana, na watu wa mbali watakosa kuonwa mapema. Ni sababu nzuri sana. Ningekuwa naisikia kwa mtu mwingine ningemwamini.

Dada yako


14 Aprili

Wanangu, wewe kifungua mimba na wewe kitinda mimba,

Nimefika nyumbani salama. Nawaandikia nyote wawili barua moja, yenye nakala yake, kwa sababu sitaki kila mmoja anihadithie ya mwenzake. Kuongea naongea, lakini maneno yenye "s" yanatoka na upepo, na jirani anaitika hata nisipomwita.

Mmenichosha. Nikiwa kitandani, kinywa kimeshonwa, siwezi hata kusema nyamaza, kila mmoja alikuja kwa wakati wake kuniungamia. Huyu analia waya, yule analia kadi. Mlipokuwa wadogo mlikuwa mnagombania nani hakuvunja kikombe. Sasa mnagombania nani amekivunja. Mwenye kikombe hamkumwuliza.

Mlidhani mnanificha. Dada mtu, ulipobandua ile picha uliacha gundi kwenye pembe zote nne. Mimi nilikuwa nimewaambia watu kiwandani picha yangu iko ukutani hapo. Nimefika mlangoni, nimeona gundi nne, picha hakuna. Ndipo nikajua nina nini, kabla ya kioo chako na kabla ya maabara.

Na msiniletee methali ya mficha maradhi, niliwafundisha mimi. Niliwaficha kabla hamjanificha. Kidonda kile nilikijua kabla ya picha. Fundi, waya wako ulikuwa sawa tangu mara ya kwanza ulipousugua. Nilikuwa narudi kwa sababu ukipiga tupa naondoka nikiamini ni waya. Mtu akiwa na waya hana ugonjwa. Mwonja chai mwenye ulimi mbovu anapelekwa kukaa nyumbani, nami nilitaka miaka miwili tu nimalize vizuri. Kwa hiyo usinipunguzie haki yangu, nami nina fungu langu katika hatia hii. Fungua karakana. Nataka meno mapya, na huo waya ukunje kama ulivyoukunja mwanzo.

Sasa wewe mkubwa. Ile chai uliyoniletea wodini ilikuwa imechemshwa mara mbili. Majani ni ya zamani, uliyahifadhi karibu na viungo. Na kikombe kilinuka sabuni, hukukisuuza vizuri. Nilikugeuzia mgongo kwa sababu nilikuwa nalia, na nililia kwa sababu niliionja. Upande wa kushoto umekufa, sikufichi. Wa kulia ulikisikia kila kitu. Sijawahi kunywa chai mbaya nikafurahi vile. Ningekuambia siku ile ile, lakini kibao kilikuwa kimeanguka chini ya kitanda na wewe ulishatoka mbio.

Kazini sitarudi mezani. Walikuja jana, wakanipa maneno mazuri na saa ya ukutani. Mwanamke aliyechukua kiti changu nilimfundisha mimi, ana ulimi mzuri ila ana haraka. Nililia mlango ulipofungwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini nusu nayo ni shari, msiniambie siyo.

Uliponiaga stendi ulinishika mikono ukangoja. Nilijua unachongoja. Ulitaka nikwambie haina neno. Mwanangu, sikukwambia na sitakwambia. Neno hilo ndilo lililotufikisha hapa. Uliniambia wewe, nikakuambia mimi, ukaliandika ukutani ukalifundisha watu. Ina neno. Nakupenda, wewe ni mwanangu wa kwanza, na ina neno.

Fundi ameniambia Daktari wako hajui. Nimekaa na hilo siku mbili. Huko mbali kuna mtu ameangaliwa na mwanafunzi wako, akachekewa, akaambiwa aende nyumbani, na hana binti wa kumwita kwa basi la Jumatano. Kama wiki hii hujamwambia Daktari, nitapanda basi nije nimwambie mwenyewe, kwa huu ulimi nilio nao, na atanisubiri nimalize hata nikichukua mchana mzima.

Suuza vikombe vyako.

Mama


22 Aprili

Mama,

Nimemwambia Jumatatu. Nilikwenda na picha, nikaikunjua mezani kwake. Hakunifokea, na ningependa angefokea. Aliuliza tarehe, akauliza ni nani wote waliofundishwa, akavua miwani, akasema wageni wataambiwa nasi wenyewe kabla hawajaambiwa na mtu mwingine. Mafunzo amemkabidhi mwenzangu kwa sasa. Kamera ameniachia, kwa sababu kuna watu wa kuitwa upya, nami ndiye nitakayewaita.

Picha imerudi ukutani. Maneno ya chini nimeyakata kwa mkasi. Hatujaandika mengine.

Fundi anasema mmeshachukua kipimo kipya na kwamba umemkosoa kuhusu plasta. Ndani ya boksi hili, chini ya vinywa vya watu, kuna kadi yako. Ni ya wiki mbili, kama ya kila mtu. Nimeiandika kwa mkono wangu na nimegonga muhuri.

Leo wamekuja watatu wa kwanza kutoka zahanati za mbali. Wawili vivuli vyao vimeshaondoka. Wa tatu ni mama wa makamo, mpishi wa shule, alikuwa ameambiwa na mwanafunzi wangu kwamba ameungua na mboga. Nilizima taa, nikammulika, nikakibana kivuli kwa kioo. Nilikibana mara moja tu. Nilipowasha taa alikuwa ameshika mkoba tayari kuondoka, anatabasamu.

Akaniuliza, "Hakina neno, siyo?"

Nikamwambia, "Kina neno, mama. Keti."

Mwanao